Uzoefu wangu na taarifa za halmashauri kwa simu: hodari wa kutangaza, wazito wa kufuta

Kwa mwenye haraka: jiandikishe. Huduma ya halmashauri yetu ya kuwatumia wakazi taarifa za afya na usafiri ni ya bure, haina usumbufu mwingi, na imeniepusha na safari za bure zaidi ya mara moja. Ila usiiegemee kwa uzito wako wote. Wanajua sana kukwambia kwamba jambo limeanza. Kukwambia kwamba limekwisha, hapo utangoja mpaka usahau ulikuwa unangoja nini. Nimeipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na lawama zangu nyingi zinarudi hapo hapo.

Kujiandikisha hakuna taabu. Unatuma ujumbe kwenye namba fupi au unajaza fomu kwenye tovuti, unachagua mtaa wako, kisha unatia alama kwenye mambo unayotaka kuyasikia: chanjo na milipuko ya magonjwa, maji, barabara, mabasi, taka, matukio. Unaweza kupokea kwa SMS, kwa barua pepe ya kila wiki au kwa programu ya simu. Mimi nimebaki na SMS na barua pepe. Programu niliifuta mapema, ilikuwa inakula betri na kunionyesha yale yale niliyokwisha kuyasoma.

Kasoro ya kwanza iko humo humo kwenye fomu: unaruhusiwa mtaa mmoja tu. Nalala huku, nafanya kazi kule, mtoto anasoma kwingine kabisa. Kwa maji mtaa mmoja unatosha, maana bomba linalonihusu ni la nyumbani. Kwa mabasi hautoshi hata kidogo. Barabara ikifungwa karibu na kazini siambiwi mimi, anaambiwa anayelala pale, ambaye pengine asubuhi hiyo hatoki ndani.

Upande wa afya ndio wanaoumudu. Ujumbe wa kampeni ya chanjo ya surua ulikuwa wa kupigiwa mfano. Ulitaja umri wa watoto wanaohusika, siku, saa ya kufungua na ya kufunga, na kwamba mtoto aje na kadi yake hata kama alishachanjwa. Hilo la mwisho ndilo lenye maana, kwa sababu wazazi wengi tunahesabu sindano ya kwanza kuwa kazi imekwisha, kumbe surua inataka dozi mbili. Waliandika hivyo hivyo, kwa sentensi moja, bila kututisha na bila lugha ya waraka. Siku moja kabla ukaja wa kukumbusha, mfupi zaidi. Hapo sina la kuongeza.

Maji ni habari nyingine. Ujumbe wa kwanza ulisema kuna hitilafu katika mtandao wa maji na wakazi wachukue tahadhari. Tahadhari gani? Nichemshe, au nisiyaguse kabisa? Mambo hayo mawili hayafanani. Maji yakiingiwa na vijidudu, kuchemsha kunatosha: yaache yatokote kwa nguvu dakika moja, au dakika tatu kama unaishi kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, ndivyo inavyoshauri CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Lakini yakiingiwa na kemikali kama nitrati, au madini ya risasi, kuchemsha hakusaidii kitu. Mvuke unaondoka, sumu inabaki, tena inazidi kukolea kwenye maji yaliyopungua. Anayemchanganyia mtoto mchanga maziwa ya kopo anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo kabla hajawasha jiko.

Ujumbe wa pili ulikuja baadaye na ukanena wazi: chemsheni. Na niwape haki yao, barua pepe iliyofuata ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Ilitaja hata yanayosahaulika, kama maji ya kupigia mswaki, barafu iliyomo kwenye friji, matunda na mboga zinazoliwa mbichi. Ilieleza pia kwa nini majibu yanachelewa: kipimo cha bakteria hakitoki papo hapo, sampuli inawekwa kwenye joto maalumu maabara kwa saa 18 hadi 24 ili vijidudu, kama vimo, vijitokeze. Nadhani maelezo hayo peke yake yaliwapunguzia simu za malalamiko kuliko ombi lolote la radhi.

Kisha kimya. Tukaendelea kuchemsha. Habari kwamba tahadhari imeondolewa nilizipata kwa jirani, naye alizikuta ukutani alipokwenda ofisi za halmashauri kwa shughuli zake. Nikaenda kuona mwenyewe, maana nilishindwa kuamini. Karatasi moja, imebandikwa kwa selotepu pembe tatu, pembe ya nne inapepea, na mhuri umegongwa juu ya tarehe hata tarehe haisomeki. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yao ya kuwaambia maelfu ya watu ambao namba zao za simu wanazo.

Mtu atasema: si mlichemsha, mkanywa salama, hasara iko wapi? Hasara ni kwamba tahadhari ikiondolewa kuna kazi ya kufanya. Mabomba yanatakiwa kufunguliwa maji yaliyolala yatoke, barafu imwagwe, kichujio kibadilishwe. Maelekezo hayo hayakumfikia mtu yeyote ninayemfahamu. Halafu kuna hasara inayokuja mara ya pili. Aliyechemsha maji siku kadhaa bila sababu, tangazo lijalo ataamua mwenyewe siku ya kuacha, na safari hiyo huenda maji yakawa bado.

Wala si kwamba ninadai kitu kigeni. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tahadhari, CAP, ambacho kilipitishwa mwaka 2004, kinatofautisha ujumbe wa kutangaza, wa kurekebisha na wa kufuta, na kina nafasi ya kuandika saa ambayo tahadhari inakoma. Mwisho umejengewa chumba chake. Kwenye taarifa za halmashauri yetu chumba hicho hakina mpangaji.

Kwenye mabasi ugonjwa ni uleule, na huko umekomaa. Barabara imefungwa, mabasi yanapita njia mbadala “hadi itakapotangazwa tena”. Njia mbadala ipi, na vituo vipi vinarukwa? Utaikuta kwenye kiambatisho: picha ya ramani iliyopigwa skani ikiwa imelala upande, yenye mishale ya rangi mbili isiyo na maelezo. Shangazi yangu haoni vizuri, simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Ikifika hapo inamtamkia “picha”, basi, imemaliza.

Picha ina ubaya mwingine usioonekana haraka. Programu za kupanga safari hazisomi picha. Nyingi zinasoma data iliyopangwa kwa mtindo uitwao GTFS, ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005, na nyongeza yake ya taarifa za papo kwa papo ina sehemu za kuandika sababu ya tatizo, athari yake kwa safari, na linaanza lini hadi lini. Angalia, hata huko mwisho umekumbukwa. Mabadiliko yakiishia kwenye ramani ya skani, simu yako itaendelea kukuelekeza kwa moyo mkunjufu kwenye kituo ambacho basi halisimami tena.

Sasa lililonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Asubuhi moja nilifungua simu nikakuta ujumbe mbili, mmoja juu ya mwingine, mtumaji yuleyule. Wa juu unawaita wazazi kliniki ya watoto kwenye kituo cha afya. Wa chini unasema barabara inayopita mbele ya kituo hicho cha afya imefungwa kuanzia asubuhi hiyo kwa ajili ya kuchimba mtaro, na kituo cha basi cha getini hakitumiki. Idara ya afya haikujua la idara ya barabara, na wa barabara hawakuwa na habari na kliniki. Wazazi walishushwa mbali, wakatembea juani na watoto mgongoni. Ujumbe wa kuelekeza watu kwenye lango la nyuma ulitumwa, ndiyo, na ulikuwa mzuri, ila ulitumwa wakati foleni imeshaanza kupungua. Kama kuna mtu mmoja tu anayesoma taarifa zote kabla hazijatoka, suala hili lingemgonga machoni. Nahisi hayupo.

Kuhusu kuchelewa kwa SMS, si kila kosa ni lao. Ujumbe wa kawaida unatumwa namba kwa namba, kwa hiyo orodha ikiwa ndefu mimi naweza kuupata wakati mwenzangu alishausoma zamani. Ndiyo maana kwa dharura nchi nyingi hutumia mfumo wa kurusha tahadhari kutoka kwenye minara: kila simu iliyo karibu na mnara inaupokea kwa wakati mmoja, hata ya mpita njia asiyejiandikisha popote. Kwa mafuriko ningetaka huo. Kwa ratiba ya chanjo SMS inatosha.

Lakini kukatika kwa ujumbe vipande vipande, hilo linatibika. SMS moja inachukua herufi 160. Ukichomeka humo alama moja tu iliyo nje ya orodha ya kawaida, kikaragosi cha uso unaocheka kwa mfano, uwezo unashuka hadi herufi 70, na ujumbe uliokuwa umejaza SMS moja unageuka kuwa vipande vitatu. Hata ritifaa ile iliyopinda, ambayo kompyuta hupenda kuiweka yenyewe kwenye “ng’”, inatosha kuharibu. Ritifaa iliyonyooka haina shida. Nilipokea tangazo la maji ambalo kipande chake cha mwisho kilitangulia, nikaanza kusoma “na watoto chini ya miaka mitano” bila kujua watoto hao wamefanywa nini.

Matapeli nao hawako mbali. Kukiwa na mlipuko wa ugonjwa huja ujumbe wenye jina la mtumaji linalofanana na la halmashauri, wenye kiungo cha “kusajili familia”. Jina la mtumaji wa SMS linaweza kughushiwa, usiliamini kwa kulitazama. Halmashauri imetamka kwamba haiombi namba ya siri wala malipo kwa ujumbe, na mpaka sasa imeshika neno lake.

Na jamani, meya. Akikata utepe, SMS. Akipanda mti, SMS. Sina ugomvi na meya, ila sauti ya simu ni ile ile ya tangazo la maji, na watu wakichoka nayo wanaizima yote. Najua nyumba kadhaa hapa mtaani walioizima kwa sababu hiyo hiyo.

Niliwaandikia kuhusu suala la kufuta tahadhari. Alijibu mtu, si mashine, akasema ujumbe wa kuanza hutoka idara husika, ila wa kumaliza haujapangiwa mtu. Angalau alisema kweli. Tangu hapo taarifa za barabara zimeanza kuja na tarehe ya kufungua, nyingine hata saa. Za maji bado.

Ukijiandikisha leo, chagua SMS kwa maji na chanjo, barua pepe kwa mabasi maana ramani yake haisomeki kwenye kioo kidogo hata uikuze vipi, na uweke mtaa unaolala. Tangazo la maji likija, hifadhi namba ya idara ya maji uwapigie mwenyewe kuuliza kama limeondolewa, mchana wanapokea. Kisanduku cha matukio kiache kitupu.