Tahadhari: Muuza spea za Datsun Z hapa Kampala, usimwachie dramu wala giaboksi

Wenzangu wenye Datsun 240Z, lile gari dogo la michezo la miaka ya 1970, na ndugu zake, mlioko Kampala, Jinja, Mbale, hata nyinyi wa Busia mnaovuka kuja kutafuta spea huku: kuna mtu anajitangaza kwamba ana spea halisi za Z kutoka Japani, hasa waya wa hendibreki na bushi za liva ya gia. Msimtumie pesa. Na kama umeshamtumia, usikubali akuletee fundi wake nyumbani, maana pesa ya waya ndiyo hasara ndogo.

Gari langu ni la mwaka 1972, aliniachia marehemu mjomba. Hendibreki yake ilikuwa inapanda mpaka juu bila kushika chochote. Sisi wa Muyenga tunaishi mlimani, kwa hiyo miezi yote hiyo nilitembea na jiwe kwenye buti la kuzuia tairi. Liva ya gia nayo ilikuwa imelegea, inayumba huku na huku hata ukiwa ndani ya gia. Gia zote ziliingia bila kelele, ila ilibidi uzitafute.

Namba ya huyo mtu nilipewa na rafiki ambaye naye hakuwahi kununua kwake. Anajua kuongea. Alianza na Safari Rally, jinsi Z ilivyoshinda mwaka 1971, kisha ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda. Hayo ni kweli tupu, na kwa sababu ni kweli nikamwamini hata alipoongeza la kwake, kwamba mzigo wake ulitoka kwenye ghala la timu ya enzi zile. "Ssebo, hizi hazipatikani tena. Wewe lipia leo, kesho nampa mwingine." Nikalipa shilingi 680,000 kwa simu.

Jioni boda akaleta boksi zuri, limechapwa maandishi ya kiwandani. Ndani kulikuwa na waya mfupi, unapungua shubiri nzima kufika kwenye tairi la kulia. Bushi zilikuwa laini kama plastiki ya jerikani, ukizibonyeza kwa ukucha zinabaki na alama. Bushi kama hizo zikikaa juu ya giaboksi yenye joto hazimalizi wiki.

Nikampigia. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Akasema, "Pole kaka, tatizo litakuwa gari lenyewe. Nakutumia fundi wangu, bure."

Fundi alikuja Jumamosi na vijana wawili. Alitikisa liva ya gia mara tatu, akasema giaboksi imekufa. Hakuwasha injini wala kuliendesha gari hata hatua moja. Akataka milioni 3 na nusu aniletee nyingine, na ile ya zamani aondoke nayo, anipunguzie laki tatu. Nilikataa giaboksi. Lakini walikuwa wameshafungua matairi ya nyuma na kutoa dramu zote mbili za breki, wakaniambia zimeliwa, lazima zikakerezwe, zitarudi Jumatatu. Nikawaruhusu wazibebe.

Jumatatu ile imepita wiki tano sasa. Simu zao hazipatikani. Nilikwenda Kisekka, soko la spea hapa Kampala, ambako muuzaji alidai ana duka. Wafanyabiashara pale walinisaidia kwa moyo, wakaulizana kutoka duka hadi duka, hakuna anayemjua. Mzee mmoja wa spea akaniambia mimi ni mtu wa tatu kuja kumuulizia.

Dramu za Z ni za aluminiamu, zina mapezi kwa nje ya kupunguza joto, na ndani zina pete ya chuma ambayo brekishuu zinasugua. Zinatafutwa na wenye Z duniani kote. Giaboksi yake ya asili vilevile. Sasa naamini waya ule haukuwa biashara yao kabisa. Ni njia ya kuingia getini kwako na kuona gari lina nini.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukisikia Katwe, kwa fundi mzee aliyekubali kuja kuliangalia gari likiwa juu ya mawe. Liva ya gia ya 240Z inashikwa chini na pini inayopita kwenye bushi ndogo za plastiki. Zikilika, liva inayumba. Zinabadilishwa ukiwa umekaa ndani ya gari: unatoa kava la katikati na mpira wa liva, unachomoa klipu na pini, basi. Giaboksi haishuki. Ikiwa gia inachomoka yenyewe ukiwa barabarani, au inasaga ukiiingiza, hapo ndipo uanze kuiwazia giaboksi. Na kama gia zinakataa injini ikiwaka lakini zinaingia injini ikizimwa, angalia klachi kwanza.

Kwenye hendibreki alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na fundi yeyote. Silinda ya breki ya nyuma kwenye gari hili haikufungwa ikakazwa moja kwa moja. Inatakiwa iteleze kidogo kwenye bamba lake ili brekishuu zote mbili zibane sawa. Yangu ya kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu. Waya wangu wa zamani ulikuwa mzima, ulihitaji grisi tu! Kujua shida iko upande gani, weka mawe matairi ya mbele, piga jeki nyuma, toa gia, vuta hendibreki, zungusha kila tairi kwa mkono. Upande unaozunguka ndio wenye ugonjwa. Yakizunguka yote mawili, kagua kwanza kama brekishuu zimeisha au hazijarekebishwa kufika karibu na dramu, ndipo umlaumu waya.

Ukiwa na shaka na muuzaji, muulize ana pedi za nyuma za Z ya kiwandani. Z zote, kuanzia 240 hadi 280 ya mwaka 1978, zilitoka na dramu nyuma, na dramu hutumia brekishuu, si pedi. Akikujibu "zipo, bosi", kata simu. Mwombe pia apige picha ya waya ukiwa umenyooshwa kando ya futi, na upime wa kwako kabla hujatuma hata shilingi. Na kitu kikishafunguliwa kwenye gari lako, kisitoke getini bila wewe. Kama kinakwenda kukerezwa, panda boda ukifuate, usimame pale mpaka kiishe.

Nimeripoti polisi, nimewapa namba ya simu na risiti ya malipo.

Dramu zangu zina alama. Mjomba alikuwa na tabia ya kugonga nukta tatu kwa patasi kwenye ukingo wa ndani wa kila kitu alichofungua, na ya kushoto ina pezi moja lililovunjika. Ukiletewa jozi ya namna hiyo, wapi kokote, tafadhali usiinunue; mwambie muuzaji asubiri, kisha nitafute hata kama ni usiku.