Mombasa na mama mwenye magoti mabovu: uzoefu wangu wa siku nne

Saa nne na nusu asubuhi, siku ya kwanza, dereva wa kampuni iliyotuuzia safari alitushusha ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao watu wengi wanauita Pirates. Mama yangu alikuwa ameingoja bahari kwa miaka sitini na saba. Alivua viatu, akakaza leso kiunoni, akatazama mbele. Maji hayakuwepo. Palikuwa na mchanga mtupu, mwani mweusi, vidimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe mahali mawimbi yanapovunjikia mwambani.

"Sasa maji yako wapi?" akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kunivunja moyo.

Sikuwa na jibu. Kijana mmoja wa mashua za kutembeza wageni ndiye aliyetuhurumia. "Maji yamekupwa, mama. Leo ni bamvua. Mngekuja alasiri mngeyakuta hapa hapa mlipo."

Kama ungeniuliza jambo moja tu kuhusu kuzuru Mombasa, ningekupa hilo la kijana yule. Ratiba ya mji huu inapangwa na maji na jua, na atakayekupangia bila kutazama hayo mawili atakuharibia safari, hata kama gari lake ni jipya na hoteli yake ni safi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hupanda na kushuka sana, tofauti ikikaribia mita 4. Siku hizo za bamvua maji ya Mombasa hupwa katikati ya asubuhi na hujaa alasiri. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti huwa ndogo, na saa yoyote utapata pa kuoga. Usiku uliotangulia tuliuona mwezi mzima kabisa juu ya paa la hoteli na tukausifu. Hatukujua ulikuwa unatuambia kitu.

Kampuni ilikuwa imetuahidi maeneo kumi kwa siku nne. Kutoka ufuoni tulipelekwa moja kwa moja ngome ya kale ya Fort Jesus, tukafika saa nane mchana. Nilishawaandikia mapema kwamba mama ana magoti mabovu na hawezi ngazi nyingi mfululizo. Dereva hakuwa ameambiwa lolote. Alitupa dakika arobaini. Mawe yalikuwa yamechemka, uwanja wa ndani hauna kivuli cha kutosha, na mama alimaliza ziara yake ameketi karibu na lango akijipepea. Jioni hiyo nikavunja mkataba. Malipo ya awali hawakunirudishia. Ziara yao naipa nyota moja, na hiyo ni ya dereva, ambaye alikuwa mtu mwema aliyepewa kazi mbaya.

Siku tatu zilizobaki tulizipanga wenyewe, na hizo ndizo ninazotaka kuzisimulia.

Asubuhi ya pili tulirudi ngomeni mapema, jua likiwa bado upande wa bahari. Beba kitambulisho chako, maana wananchi wana kiingilio chao. Nje ya lango tulimpata mtembezaji, mzee wa Mji wa Kale mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Tulikubaliana bei na muda kabla ya kupiga hatua hata moja, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu waliokubali kwanza na kuuliza bei baadaye niliwasikia wakizozana pale pale langoni. Jambo la kwanza alilofanya mzee huyu ni kumuuliza mama, "Bi mkubwa, miguu yako yataka twende vipi?" Kampuni ilikuwa na barua pepe zangu tatu na haikuuliza hivyo hata mara moja.

Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisichokuwa nimekielewa ni jinsi kuta zile za mawe ya matumbawe zilivyopita kutoka mkono wa mwenyewe mmoja hadi mwingine. Mzee alituketisha kwenye kivuli cha ukuta akatusimulia habari za Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa, mtoto akapelekwa Goa, India, akalelewa na Wareno, akabatizwa jina la Jerónimo. Walimrudisha awe mtawala wao mtiifu. Mwaka 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni, na ngome ikawa yake. Mwanangu, ambaye ana miaka tisa, alikuwa ameacha kutafuna. Mama akauliza swali moja tu: "Na mama yake?" Mzee akatikisa kichwa, akasema habari za mama hazikuandikwa.

Kisha kuna kuzingirwa na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33 watu wamefungiwa ndani, njaa na maradhi vikiwamaliza. Meli ya Santo António de Tanná ilikuja na msaada ikazama 1697 hapo hapo chini ya ngome, na vitu vilivyopandishwa na wapiga mbizi miaka ya 1970 viko kwenye makumbusho ya ndani. Nenda makumbushoni wakati jua limeanza kukaza: kuna kivuli, sakafu ni tambarare, na kuna vyungu na kauri za Kichina zilizofukuliwa kwenye miji ya kale ya pwani. Mama aliuza vyombo sokoni Nakuru kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisimama mbele ya kipande kimoja cha kauri, akatuonyesha kwa kidole mahali kilipopasukia motoni kabla hata hakijauzwa. Usikose pia michoro waliyoiacha Wareno ukutani, meli na watu, imechorwa kama mtu anavyochora akiwa na muda mwingi na hamu ya kwao. Waingereza waliifanya ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Nyumba ya Waomani ina ngazi. Mama hakupanda. Mwanangu alipanda akarudi kumweleza kila alichoona kwenye milango iliyochongwa, na nadhani alichonga mingine yake mwenyewe kichwani.

Kutoka ngomeni tukaingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Mama alicheka kusikia "ndia". Mzee akamweleza kwamba Kimvita hakisemi njia, na macho kwao ni mato. Hapa ndipo magoti ya mama yalipopata rafiki: baraza. Nyumba nyingi za zamani zina viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, kando ya mlango. Mzee alikuwa akibisha hodi, anaomba ruhusa, na mama anaketi. Kwa mwendo huo, baraza hadi baraza, alitembea mtaa mzima bila kulalamika. Mahali pamoja mwenye nyumba alitoka na vikombe vidogo vya kahawa chungu na vipande vya haluwa, akaketi na mama, wakaanza kuulizana watoto. Mimi nilisimama nikitazama roshani za mbao na msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ni wa karibu 1570, na mnara wake mweupe unaochongoka juu ya vichochoro. Huu ndio mji wa Muyaka bin Haji, malenga wa zama za Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Vaa nguo za heshima hapa, na omba kabla ya kumpiga mtu picha. Kuna watu wanaoishi, wanaanua nguo, wanawaita watoto kula.

Mchana tulijificha jua kwenye maduka ya leso ya Barabara ya Biashara. Tenga saa mbili. Mimi nilitenga nusu saa nikashindwa kumtoa mama. Wauzaji wanafungua doti moja baada ya nyingine, na kila mmoja husoma jina kwa sauti kwanza, kwa sababu leso hununuliwa kwa maneno yake kabla ya rangi. Mama alichukua doti tatu. Moja imeandikwa "Nani kama mama", akasema hiyo ni ya kwangu, nikaivae shuleni kwa mtoto. Mafundi wa kupinda wapo hapo hapo na cherehani zao, unaondoka leso iko tayari. Soko la Marikiti halipo mbali kwa wanaotaka viungo, ila njia zake zimebanana na mama tulimwacha akipumzika. Pembe za Ndovu kwenye barabara ya Moi, ambazo wenyeji wanapaita Mapembeni, tulizipita kwa tuktuk. Ni za aluminiamu, zinapendeza, dakika tano zinatosha.

Siku ya tatu asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi za nazi, tukaenda kuvuka Likoni kwa feri. Kivuko cha watembea kwa miguu hakilipiwi, na sijui kama kuna ziara bora zaidi ya bure pwani nzima. Mama alishika chuma, upepo wa kusi ukampiga usoni, na meli kubwa ya makontena ikapita ikiingia bandari ya Kilindini, kubwa kuliko mtaa wetu. Tulivuka tukarudi. Ila usiende alfajiri wala jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini. Msongamano ni mkubwa, mteremko wa kuingilia ni mkali, na mwenye magoti atasukumwa. Saa nne asubuhi palikuwa na nafasi.

Kutoka hapo bustani ya Mama Ngina iko karibu. Tangu ilipokarabatiwa 2019 ina njia za saruji, viti na ukuta wa kuegemea juu ya mkondo wa meli. Mibuyu ya zamani waliiacha, nashukuru. Tulikula mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, tukanywa madafu. Ningekaa pale siku nzima. Kama una mzee, anza na hapa, siku ya kwanza kabisa, kabla ya ufuo wowote, maana bahari unaiona kwa juu, umeketi, na maji yawe yamejaa au yamekupwa hutapungukiwa.

Alasiri tukaenda Haller Park, Bamburi. Nilitarajia bustani ya wanyama ya kawaida. Kumbe pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, shimo tupu lisiloota kitu. René Haller, Mswisi aliyefanya kazi na kampuni ya saruji, alianza kupanda miti 1971. Aliyojaribu ni mingi, iliyoweza kustahimili ni michache, na mvinje ndio uliookoa kazi. Tatizo likawa majani yake kutooza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Mwanangu alitumia nusu ya ziara yake akitafuta majongoo na kuwapita twiga. Hadithi ya Owen na Mzee ilitokea hapa: kiboko mtoto aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa, akamshikilia kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mzazi wake. Njia ni tambarare, vivuli vingi. Kwa mama ndiyo sehemu iliyokuwa rahisi kuliko zote, naipa nyota tano bila kusita.

Tulitoka Haller Park kwa hesabu ya makusudi. Siku ya kwanza maji yalikuwa chini kabisa saa nne na nusu asubuhi, na yangejaa karibu saa kumi na nusu alasiri. Siku ya tatu, kwa zile dakika 50 za kila siku, yangejaa karibu saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja tulikuwa Pirates, mahali pale pale. Bahari ilikuwa imekuja. Mawimbi madogo yalifika pale ambapo siku ile tulisimama tukiwa na aibu, na kijana wa mashua alitutambua kwa mbali akapunga mkono.

Mama aliingia mpaka magotini. Akasimama. Akaingia mpaka kiunoni, mimi nimemshika mkono huu, mwanangu ule. Maji yalimbeba uzito. Alisema hajasikia magoti yake yakiwa kimya hivi tangu nizaliwe, na hakutaka kutoka mpaka jua lilipoanza kufifia nyuma ya minazi.

Mambo machache kwa atakayesafiri na mzazi. Treni ya Madaraka ni nzuri na safari ni ya saa tano hadi sita, tembo wa Tsavo tuliwaona dirishani, lakini stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na mji, na barabara ya kwenda huko hufungana. Ondoka mapema sana. Nairobi mizigo hukaguliwa na mbwa kabla ya kuingia, na foleni hiyo ni ya kusimama, kwa hiyo mtangulize mzee akae. Agosti upepo wa kusi hupunguza joto, ila huleta mwani ufuoni. Chukua hoteli yenye chumba cha chini. Na kabla ya kulipia chochote, tafuta jedwali la maji la wiki yako, lipo kwenye intaneti, kisha muulize anayekuuzia safari atakupeleka ufuoni saa ngapi na kwa nini saa hiyo.

Jumba la Mtwana, magofu yaliyo karibu na Mtwapa, hatukufika. Mama ameshaninunulia kalenda yenye miezi iliyochorwa, mwandamo na mpevu, na ameitia alama ya kalamu wiki mbili za Desemba.