Cherehani ya ngozi: pima mguu kabla ya kutoa pesa

Muuzaji alisukuma chuma cha goti, kile cha kuinulia mguu kwa goti, na mguu unaoikandamiza ngozi chini ya sindano ukapaa, akachomeka vipande vya mkanda chini yake. "Umeona, kaka? Milimita 16 hizo. Hata soli inapita." Nikalipa, nikafunga kichwa cha cherehani kwenye gunia, nikaondoka nacho. Jioni, mkanda wa kwanza kabisa, nilifika pale ngozi inapokunjwa kushika bizimu. Mguu ukagota kwenye ukingo kama mbuzi aliyefikishwa mtoni. Stichi zikarundikana sehemu moja, sindano ikakatika, na mteja alikuwa amekaa mlangoni anasubiri.

Muuzaji hakudanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali moja wakati maswali ni mawili. Mguu unainuka kiasi gani ukiwa umesimama, ili uingize kazi chini yake? Hicho ndicho alichonionyesha. Na mguu unapiga hatua ya kimo gani wakati cherehani inashona? Hicho ndicho kinachokuvusha kutoka ngozi ya milimita 3 hadi pale ilipokunjwa ikawa 7. Cherehani zote hapa chini nimezipanga nikiwa na maswali hayo mawili kichwani, kwa fundi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayeshona mikanda, mabegi, viatu na siti za bodaboda.

Ya kwanza: ya bapa yenye miguu inayotembea

Mfano wake unaojulikana ni Juki DNU-1541, pamoja na zile za Kichina zilizoiga umbo lake. Ina mguu wa ndani na wa nje, inapokezana: mmoja unashika, mwingine unasonga, na sindano inasafiri pamoja na ngozi. Ngozi ya juu haibaki nyuma ya ya chini. Kwenye 1541 mguu unainuka milimita 9 ukitumia mkono, 16 ukitumia goti, na stichi inafika urefu wa milimita 9. Kwa begi, siti na mkanda wa tabaka mbili, sioni sababu ya kutafuta nyingine.

Kimo cha hatua kinarekebishwa. Kwenye nyingi za aina hii kuna nati nyuma ya kichwa, imekaa kwenye kipande cha chuma chenye upenyo mrefu. Ilegeze, isogeze, kisha zungusha gurudumu kwa mkono uone miguu inavyopanda. Upande mmoja wa upenyo hatua inakuwa fupi, upande mwingine ndefu. Ukiiweka ndefu, shona polepole: miguu itagonga kama nyundo ya fundi bati, na vyuma vya ndani vitalika haraka. Mimi naiacha katikati, naipandisha siku ya mikanda tu.

Kuna ujanja mwingine wa kuangalia. Ndani ya kifuniko cha mbele, ile nondo inayobeba mguu imebanwa na skrubu. Ukiilegeza, ukaisogeza nondo juu kidogo na kukaza, mguu unaonekana kuinuka zaidi. Wapo wanaouza cherehani iliyofanyiwa hivyo kupita kiasi. Ukiuteremsha mguu ushone, unaning'inia, haukandamizi ngozi nyembamba. Sindano inapopanda inaivuta ngozi juu, kitanzi cha uzi hakitengenezeki, na stichi zinaruka. Fundi atahangaika na tenshen, yaani mkazo wa uzi, wiki nzima bila kujua ugonjwa uko wapi.

Kipimo chake ni karatasi. Zungusha gurudumu hadi sindano iwe juu na mguu wa nje uwe chini, teremsha mkono wa kuinulia mguu, weka kipande cha karatasi ya daftari chini ya mguu huo, vuta. Ikitoka kama hakuna kilichoishika, mguu umechezewa. Ikigoma, endelea na biashara.

Na goti lina mpaka wake. Teremsha sindano hadi mwisho, kisha sukuma goti taratibu. Ukisikia chuma kikigusa chuma, skrubu ya kuzuia goti imelegezwa mno. Irudishe kabla hujavunja kitu.

Ya pili: ile ndefu ya fundi viatu

Singer 29K mafundi viatu wanaijua bila kuelezwa. Mkono mrefu mwembamba unaoingia ndani ya kiatu, mguu unaozunguka pande zote na wenyewe ndio unaosogeza ngozi. Kwa ukarabati wa viatu ningeiweka ya kwanza. Imeshuka hapa kwa sababu wengi wetu tunashona zaidi ya viatu.

Herufi K inatokana na Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Kwa hiyo ukiambiwa "hii 29K mpya", cheka kidogo halafu uendelee kukagua. Uchakavu wake unaonekana kwenye stichi: weka urefu wa mwisho kabisa, shona kipande, pima kwa rula. Iliyolika hutoa stichi fupi hata ukiomba ndefu, kwa kuwa vyuma vinavyousukuma mguu vimepata uchezo. Mguu hauinuki vya kutosha kwa mkanda mnene wa tabaka mbili. Usiilazimishe.

Sindano zake ni 29x3 kwa ngozi na 29x4 kwa kitambaa. Ukizikosa, nunua pakiti kadhaa siku utakayokwenda Kariakoo.

Ya tatu: jitu la mkono wa duara

Hizi ni za ukoo wa Juki TSC-441, zinatumia sindano ya 794, nene kama msumari mdogo. Matandiko ya farasi, mikanda ya kazi nzito, mifuko ya zana: hapa ndipo mahali pake. Mguu unainuka kupita mahitaji ya karibu kila fundi ninayemjua. Lakini ngozi laini ya pochi ukiiweka pale inatobolewa matundu, na bei yake ni mtaji wa duka zima. Nunua ukiwa na oda mkononi.

Ya nne: ya mkono, ya Kichina

Nyeusi, ndogo, ya kuzungusha kwa mkono, haihitaji umeme. Kwa kijana anayeanzia kibarazani Mwanjelwa inatosha. Utaipiga tupa kwanza, maana njia ya uzi mara nyingi ina makali yanayokata uzi, na oili yake ni ya kubahatisha. Uzuri ni kwamba kwa kuitengeneza utajifunza kila nati iliyomo.

Ya mwisho: Juki ya nguo

Najua wengi wanayo tayari. DDL-8700 mguu wake unainuka milimita 5.5 kwa mkono na 13 kwa goti, ikakudanganya kama mimi nilivyodanganyika. Hauna hatua kabisa. Meno yanavuta kutoka chini tu. Ngozi nyembamba ya bitana sawa. Mkanda, hapana. Butterfly ya miguu hata tusiizungumzie.

Unapokwenda kununua, beba ngozi yako, ile unayoishona kila siku, ukiwa umeikunja na kuigundisha kama kazi halisi. Beba na uzi wako. Kwa uzi wa Tex 135 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) omba sindano namba 140, yenye ncha ya kukata. Shona kutoka pembamba kwenda panene na kurudi, polepole. Stichi zikipungua urefu unapopanda, ongeza hatua, ujaribu tena. Muuzaji akikataa kuigusa hiyo nati, mwache nayo.

Kwa za mtumba, soma kibao cha mota. Cherehani nyingi za viwandani zina mota ya fezi tatu, 380 au 400 V, na fremu ya kibanda chako ina laini moja ya 230. Mota ya servo ya fezi moja itakugharimu zaidi, lakini inaanza taratibu, jambo ambalo mota ya klachi, ile ya zamani inayozunguka muda wote, haijui. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu oili inakuwa nzito, hivyo zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha.

Na hesabu vipande kabla gari halijaondoka. Mara ya pili nilinunua vizuri, nikapima kila kitu, nikafika Uyole ndipo nikakumbuka kwamba chuma cha goti kimebaki juu ya meza ya muuzaji.