Winchi ya tani 2 au mwembe? Nimeshushia injini ya Datsun 240Z hapa Tabora

Mwangaluka wadau! Niko nyumbani, Isevya, Tabora, chini ya mwembe. Hiki chuma chekundu ni winchi ya kukunja ya kunyanyulia injini, imeandikwa tani 2. Wengi mmeniuliza: tununue, au tuendelee kuning'iniza cheni bloki, ile cheni ya kuvuta mizigo mizito, kwenye tawi kama mafundi waliotutangulia?

Kazi niliyoipa ni hii Datsun 240Z, aina ileile iliyochukua Safari Rally mwaka 1971, ikarudia 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Injini yake ya L24 imechoka, inakunywa oili kama maji. Naitoa, naweka 1JZ ya Toyota Mark II, lita 2.5. Wapenzi wa Nissan, wenye Datsun yao, najua mmenuna. Nuneni, ila kwanza nitafutieni pistoni za L24 hapa mjini.

Haya, sogeza kamera hapa kwenye mkono wa winchi. Mnaona matundu manne? La ndani kabisa tani 2, linalofuata moja na nusu, kisha moja, la mwisho nusu tani. Yaani ukiurefusha mkono wote, ile tani 2 uliyoilipia imebaki kilo 500. Na 240Z ina pua ndefu, injini imejibana huko nyuma, mkono mfupi haufiki. Kwa hiyo mimi tangu asubuhi natumia kilo 500. Kwa L24 na gia boksi yake inatosha. Mwenye injini ya Fuso asijidanganye.

Boneti niliitoa kabisa, maana bawaba zake ziko mbele, ingezuia mkono.

Kupandisha ni raha, unapampu kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Balaa ni kushusha. Hiki kivalvu ukikifungua hata robo, mzigo unaporomoka. Wakati naingiza 1JZ ilishuka ghafla kama kiganja hivi, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagonga krosimemba, chuma kinachokatiza chini ya gari, gololi za magoti zikalegea. Sasa nakifungua taratibu, kama mtu anayepunguza utambi wa chemli. Na mkono wako usiupeleke chini ya injini, hata kama ni nati moja tu imedondoka.

Halafu haya magurudumu. Yametengenezwa kwa sakafu ya saruji, sio huu mchanga wetu. Injini ikiwa juu, yakazama. Shemeji akasukuma, nami nikasukuma, winchi ikaanza kuinama upande, tukashusha mzigo mbio. Ilibidi nitandike mbao nene mbili, ndipo ikateleza.

Mwembe nao nisiuonee. Cheni bloki inashusha pingili kwa pingili, haina mshtuko. Hausogei, sawa, lakini si unasukuma gari badala ya injini? Vijana watatu wanatosha. Ila tawi likitaka kukatika halitoi taarifa.

Mwenye sakafu ya saruji, nunua hata leo. Mwenye uwanja wa mchanga kama mimi, bei ya mbao iweke kwenye hesabu kabisa. Mimi siirudishi. Jirani wa mashine ya kukoboa ameshaiomba Jumamosi, na mbao zangu ameziomba pia.