Matofali ya mbao niliyowachongeshea watoto Keko: uzoefu wangu wa miezi saba

Mama mkwe alipolikuta sanduku sebuleni alitoa tofali moja, akaligeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hizi kuni umenunua shilingi ngapi?" Nikamwambia 85,000. Hakusema neno mpaka chai ikaisha.

Kuni zenyewe ni matofali ya mbao ya kuchezea, vipande 62, kazi ya fundi seremala wa Keko hapa Dar es Salaam. Binti yangu ana miaka minne na nusu, mdogo wake ana mwaka mmoja na miezi minane, na huu ni mwezi wa saba wanayachezea. Wazazi wenzangu wameniuliza habari zake mara nyingi, kwa hiyo leo naeleza yote, pamoja na pale nilipokosea.

Nilianza kwa kununua ya dukani, Kariakoo. Boksi zuri, vipande vidogo vya rangi nyekundu, njano na kijani, vimechorwa herufi. Siku ya pili mdogo mtu alikuwa na ulimi wa kijani, maana yeye kila kitu lazima akionje kwanza. Rangi tu ningeweza kuivumilia, ningevikwangua. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna vipande viwili vilivyolingana. Dada mtu alikuwa anapanga kimoja juu ya kingine, akifika cha nne mnara unainama, cha tano unaanguka. Alijaribu jioni tatu mfululizo. Ya nne akasukuma boksi chini ya kochi akasema, "Mimi sijui kujenga." Mtoto anajua kujenga vizuri kabisa, kaletewa vitu visivyojengeka.

Nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba haya matofali yana vipimo vyake, hayakatwi kwa kukisia. Mmarekani Caroline Pratt, mwalimu aliyewahi kufundisha kazi za mbao, alifungua shule ya watoto wadogo New York mwaka 1914, ambayo leo inaitwa City and Country School. Matofali yake ndiyo yaliyoenea kwenye madarasa ya chekechea Marekani. Siri yake fupi: upana ni mara mbili ya unene, urefu ni mara mbili ya upana. Basi. Ukipima kwa sentimita inakuja kama 3.5 kwa 7 kwa 14. Kutokana na hilo tofali moja yanazaliwa mengine yote. Nusu mbili zinatoa zima, mazima mawili yanatoa refu, nguzo mbili nyembamba zikilazwa ubavu kwa ubavu zinatoa zima tena. Kabla yake Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake Bad Blankenburg mwaka 1837, alikuwa na kisanduku cha vipande vinane vya mchemraba vinavyoungana kuwa mchemraba mmoja mkubwa. Vyake vinakaa mezani, tena vinaenea kiganjani kwa mtoto. Ya Pratt ni ya sakafuni, mtoto anajenga huku anatambaa katikati ya mji wake. Nikayachagua hayo.

Nilichora kwenye karatasi ya daftari: mazima 24, nusu 16, marefu ya sentimita 28 manane, marefu zaidi ya sentimita 56 manne, nguzo 10. Fundi akasoma, akahesabu, akasema mbao mbili za inchi mbili kwa sita, futi 12, zinatosha na chenji inabaki. Ukichana katikati na kupiga randa pande zote unapata sentimita saba kwa tatu na nusu bila shida.

Mbao ipi? Mimi nilitaka mninga, kwa sababu ya rangi yake na kwa sababu ya kujidai kidogo. Fundi akanipa kipande cha mninga mkono mmoja na cha mpaini mkono wa pili, akaniuliza kipi nataka kidondokee kidole cha mtoto. Tukachukua mpaini, ile inayoshuka kutoka Mafinga. Ni nyepesi na bei yake inaeleweka. Ubaya wake inabonyea haraka ikianguka kwenye vigae, na ukipata yenye vifundo vingi kuna pahali itatoa utomvu unaonata. Nilisimama pale nikachagua mwenyewe mbao zenye vifundo vichache, na nakushauri usimame pia.

Baada ya wiki moja nikaenda kuchukua mzigo. Unavutia, unanukia, umepigwa msasa ukalainika kama sabuni. Nikalipa, nikapanda bajaji na sanduku mapajani.

Jioni hiyohiyo binti akajenga mlango: upande mmoja akasimamisha tofali zima, upande wa pili nusu mbili, moja juu ya mwenzake, halafu akaweka refu juu kama paa. Akarudi nyuma kuangalia. Akainama, akafumba jicho moja. "Mama, nyumba imelala."

Ilikuwa imelala kweli. Nikachukua rula. Nusu zote zilikuwa na sentimita 6.85 badala ya 7. Fundi alikuwa amekata mazima ya sentimita 14, halafu akayagawa katikati, na msumeno ukala fungu lake, milimita tatu za vumbi. Kwa kabati au kitanda hakuna anayegundua. Kwa mlango wa sentimita 14 paa linakwenda upande, na ukijenga ghorofa ya pili juu yake lote linashuka.

Nilirudi. Fundi akacheka, si kwa dharau, alishangaa tu. "Dada, si vya watoto hivi? Milimita tatu nani anazihesabu?" Nikamwambia kuna bosi nyumbani kazihesabu kwa jicho moja. Nikampangia mlango uleule juu ya meza yake. Akautazama kidogo, akaita kijana wake, akamwambia alete mbao nyingine.

Safari hii alifanya tofauti. Alipigilia kibao kidogo kwenye meza ya msumeno, sentimita 7 kutoka kwenye meno. Mbao inasukumwa mpaka igote pale, inakatwa, inasukumwa tena. Hakuna kupima na penseli, hakuna kugawa. Kila nusu ikatoka pacha wa mwenzake. Akahamisha kibao sentimita 14, yakatoka mazima. Kazi ya dakika arobaini hivi. Hakuniongezea bei, na zile nusu za kwanza akanipa bure, tunazitumia kama mizigo ya malori.

Kuhusu msasa, nilimwomba aanze na namba 80 iliyo kali, aje 120, amalizie 220 iliyo laini, na kona zote azilainishe zisichome. Vanishi nilikataa. Alisikitika sana, kwake kazi isiyong'aa ni kazi ambayo haijaisha. Ila kwa mtoto wa kuonjaonja mbao tupu inatosha. Usafi ni kitambaa kibichi na kuanika kivulini. Usiyaloweke kwenye beseni, na usiyaache juani, yatapasuka. Jambo lingine, hakikisha mbao imekauka kabla haijapigwa randa. Mbao mbichi ikikauka ndani kwako inasinyaa upana zaidi kuliko urefu, na ule uwiano wote wa mara mbili unakufa kimyakimya.

Wanachezaje? Mdogo kwa wiki nyingi hakujenga chochote. Alikuwa anabeba. Tofali moja moja kutoka sebuleni mpaka jikoni, anayajaza kwenye ndoo, anamwaga, anarudisha. Nilidhani anapoteza muda, mpaka nilipoona anajua kwa kushika tu lipi zito. Sasa anayapanga mstari mrefu sakafuni na kuuita barabara. Dada yake amehamia kwenye vituo vya mwendokasi, vyenye paa na foleni ya vifuniko vya soda vinavyosubiri basi. Zile nguzo 10 zilikuwa chache mno. Kama ningeanza upya ningeagiza 20 na kupunguza yale marefu ya 56, ambayo mara nyingi yanakuwa panga za kupigania.

Kelele ni kubwa, sifichi. Mnara ukianguka kwenye vigae jirani wa chini anasikia. Tandika jamvi.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikununua Jenga tu, ule mchezo wa kuchomoa vipande kwenye mnara bila kuuangusha. Jina letu lile, limetungwa na Leslie Scott aliyezaliwa hapahapa Tanganyika, akaupeleka mchezo wake sokoni London mwaka 1983. Tunao pia, ni mzuri kwa wakubwa. Lakini vile vipande vyake 54 vimetengenezwa makusudi visilingane kabisa, kimoja kikaze, kingine kiteleze, ndiyo raha yenyewe ya kuvichomoa. Tena urefu wake ni mara tatu ya upana, nusu na robo hazimo. Mtoto wa miaka mitatu anataka kisichoanguka.

Kama hupendi kurudi kwa fundi mara mbili, utakereka. Kama una nafasi ndogo, sanduku langu ni zito na linachukua kona nzima. Nikipewa chaguo leo naagiza tena kwa fundi yuleyule, kwa sababu kile kibao cha kugotea bado kipo mezani kwake, nilikiona mwezi uliopita nilipokwenda kununua stuli.

Sanduku kwa sasa lina vipande 61. Tofali moja zima mama mkwe analizuilia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo, na hataki kulirudisha. Anasema ndiyo kuni pekee ndani ya nyumba hii inayofanya kazi.