Hohner Marine Band 1896: kwa bluzi chukua ya A, siyo ya C

Habari zenu watazamaji. Leo mezani ipo harmonika moja tu, kinanda kidogo cha mdomoni, Hohner Marine Band 1896, yenye matundu 10. Hiyo 1896 ni mwaka ilipoanza kutengenezwa Trossingen, Ujerumani, na mpaka leo ipo sokoni. Watu weusi wa kusini mwa Marekani waliipokea wakaipiga kwa namna ambayo mafundi wa Trossingen hawakuikusudia, na namna hiyo ndiyo tunayoipima hapa: bluzi ya gitaa kavu na harmonika, bila maiki wala spika.

Tuanze na ki, yaani noti ya nyumbani ambayo wimbo unaizunguka, inayotajwa kwa herufi kama A, C au E. Dukani ukiomba harmonika bila kutaja ki, mara nyingi utapewa ya C. Kama unapiga na mtu wa gitaa, omba ya A. Gitaa la bluzi linapenda sana E, maana uzi mnene wa E unabaki wazi na dole gumba linaugonga moja kwa moja. Mpiga harmonika naye hashiki ya E. Anashika ya A, halafu anaigeuza E kuwa nyumbani kwa kuvuta pumzi. Tundu la 2 ukivuta ni E. Vuta 1, 2 na 3 pamoja, unapata B, E na G#: kodi nzima ya E, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Ukipuliza, unapata kodi ya A. Kwa hiyo katika mzunguko wa bluzi wa baa 12, yaani vipande 12 vya mapigo, gitaa likikaa E unavuta, likihamia A unapuliza. Wengi wanaharibu baa ya 9, gitaa linapoingia kodi ya B7, kwa kuendelea kuvuta kodi ileile. Inagongana na gitaa. Hapo shika noti moja tu, vuta tundu la 1 au la 4, zote ni B.

Gitaa likiwa kwenye ki nyingine, hesabu herufi nne ukianzia na ki ya gitaa yenyewe. G, A, B, C: gitaa la G, harmonika ya C. Gitaa la A, harmonika ya D.

Sasa tundu la 2. Wanaoanza wakilivuta linakoroma au linanyamaza, wanarudisha harmonika dukani wakidhani ulimi wa shaba unaotoa sauti humo ndani umekatika. Kabla hujairudisha, puliza tundu la 3. Nayo ni E ileile. Kisha vuta la 2 taratibu. Ikitoka noti ya chini kidogo kuliko ile ya kupuliza, harmonika ni nzima. Mdomo wako ndio unaipinda noti, yaani unaishusha, bila wewe kujua. Legeza taya, shusha ulimi, vuta kutoka tumboni kama mtu anayepiga miayo. Usivute kwa mashavu.

Kupinda kwenyewe, kukifanywa kwa kutaka, ndiyo roho ya bluzi. Tundu la 3 ukivuta linashuka nusu toni tatu (nusu toni ni hatua ndogo ya noti moja kwenda ya jirani), na ile ya kwanza, kutoka G# kwenda G, ndiyo noti inayolia. Ukiishika katikati ya hizo mbili, tamu zaidi. Tundu la 2 linashuka nusu toni mbili, la 4 moja. Msikilize mpiga harmonika Sonny Terry akiwa na gitaa la Brownie McGhee: kodi za kuvuta, noti iliyopindwa, kisha sauti ya koo inaruka katikati ya pumzi. Na mikono yake inafunguka na kufumba muda wote. Vifuniko vya 1896 viko wazi nyuma na pembeni, ndiyo maana mikono inaongea kiasi hicho.

Jambo moja kuhusu kutyuni. Ukiipima kwa tyuna, kifaa cha kupima noti, noti ya tundu la 3 ukivuta itaonekana iko chini kidogo. Imewekwa hivyo kwa makusudi ili kodi itulie isitetemeke. Msiiguse kwa tupa.

Udhaifu wake uko hapa, sogezeni macho. Katikati ya bamba mbili za shaba kuna kitana, kipande chenye meno kinachotenganisha matundu, cha mbao ya mpeasi. Mbao hii ikinywa mate inavimba, meno yanatokeza mbele ya bamba, na hayo ndiyo yanayochuna midomo. Ikikauka inasinyaa, hewa inavuja, noti za chini zinakuwa nzito kuitika. Ushauri wa zamani wa kuiloweka majini uacheni kabisa. Tatizo la pili ni misumari: bamba zimepigiliwa, hazina skrubu. Ukizing'oa kwa bisibisi, bamba linapinda na kuvuja kwa kudumu. Toleo jingine, Marine Band Deluxe, lina skrubu na mbao iliyopakwa kinga, bei yake iko juu. Special 20, nayo ya Hohner, ina kitana cha plastiki. Midomo inapona, ila inasikika laini kidogo kuliko hii.

Ukimaliza kupiga, elekeza matundu chini, igonge kiganjani mara tatu au nne mate yatoke, kisha iache nje ya kasha mpaka ikauke.