TAHADHARI: Anayeuza "D-76 ya kupima" kwenye vifuko, msimtumie pesa

Asalaam aleikum wapiga picha wenzangu, hasa nyinyi mliobaki na kamera za filamu huku pwani. Naandika haya mapema kwa sababu nimeambiwa kuna watu wawili Malindi wanajiandaa kuagiza.

Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya kamera akiuza dawa ya kusafishia filamu nyeusi-nyeupe, yaani ile inayoitoa picha kwenye filamu iliyopigwa. Anasema ni D-76, dawa ya unga ya Kodak, ameipima kwenye vifuko vya kufunga kwa zipu, shilingi 1,200 kwa kifuko cha lita moja. Jina simtaji. Ameshabadilisha jina la ukurasa mara mbili tangu nianze kumfuatilia, na jina lililotokea kwenye M-Pesa silo la mtu niliyekuwa nikizungumza naye. Huenda laini ni ya mtu asiyejua lolote. Mtamjua kwa mwendo wake: picha ya boksi la njano, video fupi ya kipande cha filamu kikigeuka cheusi ndani ya glasi, na "bro" kila baada ya maneno matatu. Ukimuuliza boksi lenyewe liko wapi, jibu lake ni moja: "Bro, nanunua la galani, nagawa ili kila mtu apate."

Hapo ndipo ningesimama. Unga wa D-76 ni mchanganyiko wa vitu vya uzito na chembe tofauti, na ukisafirishwa hutengana, vingine vikazama chini na vingine vikabaki juu. Ndiyo maana kiwanda kinataka boksi lote likorogwe kwa mara moja. Kwa hiyo hata mwaminifu anayegawa kwa kijiko anaweza kukupa kifuko kisicho na metoli (moja ya kemikali zinazoitoa picha) ya kutosha bila kukusudia. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini boksi zima kulifikisha Lamu ni gharama, na bei yake ilikuwa tamu. Nimeula wa chuya, sina wa kumlaumu kwa hilo.

Niliagiza vifuko vitatu. Mzigo ukaja kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, nikaupokea gatini kama mtu aliyeletewa zawadi. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na jahazi jipya linashuliwa Matondoni. Nilienda na filamu moja ya HP5, fremu 36, na zote zikaisha: kamba, magogo, vijana kifua wazi wakivuta kwa mpigo mmoja, na mzee fundi amesimama pembeni hasemi kitu, mkono juu ya ubao wa tezi. Jahazi halishuliwi mara mbili.

Usiku nikakoroga kifuko kwa maji ya mvua kutoka birikani, yaliyopashwa moto hadi nyuzi 52 kama inavyotakiwa, kisha nikayapoza. Kupoza ndiyo kazi kubwa ya huku kwetu. Maji ya bomba yanakaa karibu nyuzi 29, dawa inataka 20, kwa hiyo mimi hununua barafu ya samaki gatini, nikazamisha chupa ndani ya ndoo. Chumba kikanuka samaki, lakini kipimajoto kikasoma 20. Dakika saba na nusu kwenye dawa, maji, fiksa (dawa ya mwisho, inayoondoa sehemu ya filamu isiyotokea picha), maji tena. Nikafungua tangi.

Filamu nyeupe pee, kama kioo cha dirisha. Si picha hafifu, wala si kivuli. Hakuna kitu.

Nikampigia. Kwanza akasema kamera yangu mbovu, shata haifunguki. Sasa nyote mnaosafisha nyumbani lishikeni hili, maana litawaokoa na maneno mengi: pembezoni mwa filamu kiwanda huchapa kwa mwanga jina la filamu na namba za fremu. Hazihusiani na kamera yako kabisa. Kamera ikiwa mbovu, fremu zitakuwa tupu lakini namba zitaonekana nyeusi. Zikikosekana hata namba, dawa haikufanya kazi. Zangu hazikuwepo hata moja.

Mtu ataniuliza, je, hukuanza na fiksa kwa bahati mbaya? Swali zuri, kwani matokeo yangekuwa yale yale. Basi kesho yake mchana nilikata ncha ya filamu mpya, ile inayochomoza nje ya mkebe na ambayo imeshapigwa na mwanga, nikaitumbukiza kwenye dawa iliyobaki, kweupe kabisa, kikombe juu ya meza. Dawa nzima huigeuza nyeusi tii ndani ya dakika chache. Nilikaa nayo dakika ishirini. Ilibaki na urujuani wake ule wa kuchomwa na mwanga, basi.

Akaja na la pili: "Maji yenu ya Lamu yana chumvi, bro." Ni kweli visima vingi vya mjini vina chumvi, lakini nilishasema nilitumia ya mvua. Nilipomwambia hivyo, akanizuia.

Nikakichukua kifuko cha pili kwa sonara jirani yangu, anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Fomula ya D-76 si siri, imechapishwa miaka mingi: kwa lita moja ni metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Jumla gramu 109. Mizani ikasoma 61. Sonara akacheka, "Huyu hata wizi kauiba nusu." Kisha nyumbani nikaweka kijiko kimoja kwenye kisahani, nikakamulia ndimu. Salfaiti ikikutana na asidi hutoa harufu kali ya kiberiti kilichozimwa, inakukaba pua (fanyeni dirishani, si kitu cha kuvuta). Hii ilifoka povu hadi mezani na haikunuka chochote ila ndimu. Kwa ushahidi huo, alichoniuzia ni magadi, au soda ya mandazi. Ile video yake sijui aliipiga na dawa ipi, lakini si hii.

Jingine kwa wanaotaka kununua vitu kimoja kimoja na kukoroga wenyewe, jambo ambalo ni zuri na rahisi zaidi. Angalieni sana herufi za kopo. Salfaiti na salfeti zinakaribiana jina tu. Salfeti haitailinda dawa yako na hewa wala haitafanya kazi ya mwenzake, na kuna wauzaji wanaokupa yoyote iliyopo rafuni. Jaribio la ndimu linazitenganisha papo hapo. Hata salfaiti halisi ikiachwa wazi kwenye unyevu wetu huu hugeuka salfeti polepole, kwa hiyo kopo la zamani lililofunguliwa msilichukue hata mkipewa bure. Metoli huyeyushwa mwanzo, na chembe kidogo tu ya salfaiti, kwa sababu salfaiti ikijaa ndani ya maji metoli hugoma. Vaeni glavu, kuna watu inawawasha ngozi vibaya.

Na kwa asiye na subira ya kuagiza, kahawa nayo husafisha filamu. Sifanyi mzaha. Ilianzia darasani kwenye chuo cha Rochester, Marekani, mwaka 1995. Kwa lita moja: soda ashi gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya unga ya kuyeyuka papo hapo gramu 40, ile ya bei ya chini kabisa dukani. Kahawa tungu ya barazani haifai, tuinyweni tu. Soda ashi niliipata Shela kwa kijana anayetunza bwawa la kuogelea. Wao huitia majini, na nyingi ya Kenya inatoka huko huko Ziwa Magadi. Soda kwanza iyeyuke, kisha vitamini, itatoa povu, kahawa mwisho. Acha dakika tano, tumia hapo hapo. Dakika 15 kwa nyuzi 20 kwa filamu ya ISO 100. Vidonge vya vitamini C vya kutoa povu kwenye glasi visitumike, vina asidi nyingine inayokula soda. Harufu yake, mke wangu alihamia kwa dada yake hadi magharibi.

Nilisafisha filamu nyingine kwa hiyo kahawa, kwa maji yale yale ya birika na tangi lile lile. Namba zote pembezoni, fremu zote. Ndipo nikamtumia yule muuzaji picha ya filamu hiyo kwa namba ya mtu mwingine. Alisoma, hakujibu.

Pesa hazijarudi. Taarifa nimeandikisha kituoni, nina namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na meseji zote nimehifadhi. Kama nawe umenunua kwake, usitupe kifuko wala risiti ya basi, nitafute tuziweke pamoja. Mzee fundi ameniuliza mara mbili, "Mwanangu, picha zi wapi?" Mara ya kwanza nilisema bado. Ya pili nikamwambia ukweli, akanyamaza kidogo, akasema kuna jingine litashuliwa baada ya kusi.

Kifuko cha tatu sijakifungua. Kiko rafuni hapa mtaani Langoni, Lamu, anayetaka kukipima mwenyewe aje na ndimu.